Prado ya Zamani na Ulaji wa Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kuupunguza Hatua kwa Hatua

Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2002, bado ni gari la kazi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Nyingi ziliingia kwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa zikiwa mtumba kutoka Japani, na wamiliki wake wengi wana lalamiko moja: gari linakula mafuta. Sehemu ya ulaji huo haiepukiki, kwa kuwa gari ni zito, limeinuka, na linasukuma magurudumu manne muda wote. Sehemu nyingine, ambayo mara nyingi si ndogo, inatokana na hitilafu zilizozoeleka mno hata mwenye gari hazioni tena kuwa hitilafu: thamostati iliyotolewa, sensa iliyokufa, breki inayoshika, kitufe cha gia kilichobonyezwa bila kujua. Gari la namna hii huponywa kwa kipimo na matengenezo, si kwa kifaa kipya wala kwa dawa ya kumimina kwenye tangi, na ndiyo maana mpangilio wa hatua zifuatazo una maana yake. Anayeanza na hatua ya nne kabla ya ya kwanza hatajua kamwe kama fedha yake imefanya kazi.

Maelezo haya yanahusu hasa magari ya petroli, yaani yale ambayo namba yake ya fremu huanza na RZJ95, yenye injini ya 3RZ-FE ya lita 2.7, na VZJ95, yenye injini ya 5VZ-FE ya V6 ya lita 3.4. Mwenye Hilux Surf ya miaka hiyo hiyo yenye injini hizo anaweza kuyafuata karibu yote. Dizeli nimeitengea nafasi yake mbele.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Mazoea ya kuweka mafuta ya shilingi elfu hamsini, kisha kukisia yamefika wapi, hayatoi kipimo. Bei ya kikomo hutangazwa upya kila mwezi na mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, kwa hiyo fedha ile ile haileti lita zile zile. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako hadi tangi lishuke chini ya nusu, rudi kwenye sheli ile ile na ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena kwa namna ile ile, kisha andika lita zilizoingia na kilomita ulizokwenda. Rudia kwa tangi la pili angalau, na kama unaweza, tenganisha safari za mjini na zile za barabara kuu, maana wastani unaochanganya foleni ya Kimara na mwendo wa Chalinze kwenda Morogoro hauelezi lolote kati ya hivyo viwili.

Tuseme umekwenda kilomita 400 na zimeingia lita 58. Hiyo ni kilomita 6.9 kwa lita, au lita 14.5 kwa kila kilomita 100. Nakushauri uandike kwa namna ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha unachookoa. Gari likitoka kilomita 6 kwa lita hadi 7, umeokoa takriban lita 2.4 katika kila kilomita 100. Gari dogo likitoka 12 hadi 13, limeokoa lita 0.64 tu. Kilomita moja ya nyongeza kwa lita katika gari linalokula sana ina thamani karibu mara nne, na hilo ni jambo la kumtia moyo mwenye Prado aliyekwisha kukata tamaa.

Kabla ya kuamini hesabu, tazama ubavu wa tairi. Tairi linalotumika sana katika magari haya ni 265/70R16. Kama mmiliki aliyetangulia aliweka 265/75R16 ili gari lionekane limesimama zaidi, mzingo umeongezeka kwa takriban asilimia 3.4, na kihesabu cha kilomita kinasoma pungufu kwa kiasi hicho: kikionyesha 100, umekwenda karibu 103. Linganisha na ramani ya simu kwenye kipande kirefu cha barabara, kisha rekebisha hesabu zako zote.

Hatua ya pili: mambo yasiyohitaji spea

Anza na upepo wa matairi, ukiupima asubuhi kabla gari halijatembea. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi linahimili, na si ya kufuata. Kibandiko cha gari la Japani husomeka kwa kilopaskali, na kilopaskali 200 ni sawa na psi 29. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba kila psi moja inayopungua katika wastani wa matairi yote huongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini matairi yaliyopungua psi 10, hali ambayo si ngeni kwa gari linaloegeshwa siku nyingi, yanakugharimu asilimia mbili bure, pamoja na kuliwa pembeni.

Kisha tazama juu ya gari. Keria tupu, taa za ziada na hema la paa vyote hukata upepo. Kwa sanduku kubwa la mizigo la juu, takwimu hizo hizo zinataja ongezeko la asilimia 2 hadi 8 mjini na 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Kama keria hutumika Desemba tu kwenda nyumbani, ifungue Januari na uihifadhi. Bampa la chuma, winchi na jeki ya pili ni uzito unaoubeba kila siku. Kilo 45 huongeza takriban asilimia moja, athari ambayo ni kubwa zaidi katika gari dogo kuliko hili, kwa hiyo usiupe uzito kipaumbele kuliko keria.

Ingia ndani, utazame vishikio. Katika Prado inayoendesha magurudumu manne muda wote, kishikio kidogo kinapaswa kuwa kwenye H ukiwa barabarani. Kikiwa kwenye HL, difa ya kati imefungwa, ekseli za mbele na nyuma hulazimishwa kuzunguka sawa hata kwenye kona, na matairi, giaboksi na mafuta vyote vinaumia. Katika gari la otomatiki, angalia kama taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi. Kitufe chake kipo kwenye kishikio cha gia, hubonyezwa kwa urahisi na kiganja, na kikibaki hivyo gari halipandi gia ya nne kamwe. Injini inanguruma barabara kuu nzima, na mwenye gari anadhani hiyo ndiyo sauti yake.

Hatua ya tatu: joto la injini

Hapa ndipo ningemwomba kila msomaji akae zaidi, kwa sababu hapa ndipo mafuta mengi hupotea kimyakimya katika magari yetu. Injini ikichemka, mafundi wengi hutoa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, na kusema kwamba nchi yetu ni ya joto, haiihitaji. Hoja hiyo inasikika kuwa na akili, lakini thamostati haiwekwi kwa ajili ya baridi ya Japani. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake na kuiweka hapo. Ikiondolewa, kulanti (maji ya kupoza injini) huzunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na kwenye mwendo wa barabara kuu upepo huipoza injini chini ya kiwango. Kompyuta ya injini ikiona baridi huongeza petroli, kama inavyofanya kila asubuhi unapowasha gari, na haina namna ya kujua kwamba asubuhi hii haitaisha. Zaidi ya hayo, giaboksi ya otomatiki ya Toyota huzuia gia ya nne na kufunga kwa toki konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) hadi injini ipate joto. Hasara ni mbili kwa kosa moja.

Dalili yake huonekana kwenye mshale. Injini nzima hupeleka mshale karibu na katikati ndani ya dakika chache na kuuacha hapo, iwe foleni au mwendo kasi. Isiyo na thamostati hupandisha mshale kwenye foleni na kuushusha barabara ikifunguka. Ukishuka Kitonga kuelekea Morogoro bila kukanyaga mafuta, unaweza kuuona ukianguka hadi karibu na C.

Nunua thamostati mpya ya nyuzi 82 na uijaribu kabla ya kuifunga: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, isiguse kitako cha sufuria, na uyapashe maji polepole. Inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufikia nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 10. Isiyofanya hivyo irudishe dukani. Na kama gari linachemka likiwa na thamostati nzima, tatizo ni rejeta iliyoziba, mfuniko wake usioshika shinikizo, pampu ya maji au feni, na hilo ndilo la kutengeneza. Feni ya injini hizi ina klachi ya mafuta inayoiachia izunguke taratibu injini ikiwa na joto la kawaida. Fundi aliyeikaza kwa bolti ili izunguke muda wote ameifunga injini mzigo wa kudumu, na unausikia kama mvumo unaopanda pamoja na mzunguko wa injini.

Hatua ya nne: sensa zinazoamua kiasi cha petroli

Geuza swichi hadi ON bila kuwasha injini, uone kama taa ya injini inawaka. Isipowaka, balbu imeungua, au mtu ameitoa ili auze gari. Magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya 1990 hayasomwi na vifaa vya kisasa vya kuchomeka, lakini yana kisanduku cha majaribio chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa majina ndani ya kifuniko. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha washa ON. Hakikisha majina mara mbili, kwa kuwa tundu lisilo sahihi linaweza kuunguza nyaya. Taa ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, kisha ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 25 ni mchanganyiko wenye petroli chache, na 26 ni wenye petroli nyingi.

Sensa ya joto la maji inahitaji maelezo, kwa sababu mshale wa dashibodi una sensa yake na kompyuta ina yake. Mshale unaweza kukaa katikati huku kompyuta ikiambiwa injini ni baridi. Ipime kwa malitimita ikiwa imechomolewa: katika nyuzi 20 ukinzani wake uwe kati ya kilo-ohmu 2 na 3, na katika nyuzi 80 uwe kati ya 0.2 na 0.4. Ni spea ya bei ndogo, na sijui nyingine inayolipa haraka hivyo.

Sensa ya oksijeni huzeeka. Injini ikiwa na joto, volti zake zinapaswa kupanda na kushuka haraka kati ya karibu 0.1 na 0.9; zikisimama mahali pamoja au zikienda kwa uvivu, ibadilishe. Iliyoharibika kabisa inaweza kuongeza ulaji hadi asilimia 40. Lakini usiinunue kabla ya kukagua kama eksozi ina tundu kati ya injini na sensa hiyo. Hewa inayopenya hapo huifanya sensa iseme kuna oksijeni nyingi, na kompyuta inaongeza petroli isiyohitajika. Plagi isiyochoma huleta udanganyifu huo huo, maana oksijeni ambayo haikuungua hutoka nzima. Sensa mpya katika eksozi inayovuja ni fedha iliyotupwa.

Hatua ya tano: moto, hewa na petroli yenyewe

Toa plagi zote, uzipange kwa mpangilio wa silinda, kisha uzisome kwenye mwanga wa jua. Rangi ya kahawia iliyofifia ni salama. Masizi meusi makavu kwenye plagi zote ni petroli nyingi, na hapo unarudi hatua ya tatu na ya nne. Masizi kwenye moja tu ni koili, waya au nozeli ya silinda hiyo. Ulowevu wa oili ni habari nyingine, na tutaifikia. Katika 5VZ-FE nafasi ya plagi ni milimita 1.1. Plagi ya bandia imejaa Kariakoo kama ilivyojaa Kirinyaga Road ya Nairobi, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayekubali kuipokea ikirudi, na usidanganywe na boksi.

Safisha throtobodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), na katika injini zenye sensa ya hewa ya waya moto, ipulizie dawa yake maalumu bila kuugusa waya. Kuhusu chujio la hewa, nitasema lisilopendeza kwa wauzaji: utafiti wa Maabara ya Kitaifa ya Oak Ridge ya Marekani ulionyesha kwamba, katika magari ya petroli yenye kompyuta, chujio chafu hupunguza nguvu na halibadilishi ulaji kwa kiasi cha kuonekana. Libadilishe kwa sababu ya vumbi na uhai wa injini, si kwa matarajio ya sheli.

Kisha chomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye kidhibiti shinikizo la petroli, kilichopo kwenye reli ya nozeli, ukiwa mbali na moto wa aina yoyote. Ukiona unyevu au kunusa petroli ndani yake, kiwambo kimetoboka na injini inanyonya mafuta ambayo kompyuta haikuyaagiza. Ukimaliza matengenezo ya hatua hizi mbili, toa fyuzi ya EFI kwa dakika chache ili makosa ya zamani yafutike.

Petroli yenye oktani kubwa zaidi haitakusaidia. Injini hizi zilikusudiwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini cha oktani ni RON 89.

Hatua ya sita: gari litembee kwa wepesi

Inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Difa na shafti vitaleta uzito kidogo, lakini gurudumu linalokwaruza na kusimama ghafla lina breki inayoshika, kwa kawaida kwa sababu pini za kaliper zimekauka grisi au waya wa hendibreki umekazwa mno. Njia nyingine ni kuendesha kilomita kadhaa bila kufunga breki sana, kisha kusogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa; yenye joto kuliko wenzake ndiyo yenye kosa. Piga alaimenti baada ya kubadilisha bushi, si kabla yake.

Kwa oili, fuata jedwali la kitabu cha gari. 20W-50 imezoeleka kwetu hata katika injini isiyoihitaji, nayo ni nzito kwa safari fupi za asubuhi. Injini ambayo tayari inakula oili ni jambo tofauti, na hapo singeharakisha kwenda kwenye nyepesi.

Hatua ya saba: mguu wa dereva

Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, unaongezeka kwa asilimia 56; ukifika 110, umekaribia maradufu. Kwa gari lenye umbo la Prado ni matengenezo machache yanayoshinda kushuka kutoka 110 hadi 90. Mjini, ondoka taratibu na uachie mafuta mapema unapoona foleni mbele. Kukimbilia taa nyekundu na kufunga breki ndiko kunakokula. Injini kubwa inayonguruma imesimama hutumia lita moja hadi mbili kwa saa, kiyoyozi kikiwemo.

Usiweke nyutro kwenye mteremko. Ukiacha gia na kuinua mguu, kompyuta hukata petroli kabisa mzunguko wa injini ukiwa juu, ilhali nyutro huilazimu injini iendelee kutumia mafuta ya sailensa, yaani ya kunguruma bila kukanyagwa. Mbali ya hasara hiyo, Kitonga na Sekenke si mahali pa kuziachia breki peke yake gari la uzito huu.

Kuhusu dizeli na vifaa vya miujiza

Kwa KZJ95 yenye injini ya 1KZ-TE, hatua za kwanza, pili, tatu, sita na saba hazibadiliki. Badala ya plagi na sensa ya oksijeni, shughulikia mipira ya tabo inayovuja, chujio la dizeli, na nozeli, ambazo fundi wa pampu huzipima shinikizo na mnyunyizo mezani. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua. Hapa chujio la hewa lina uzito zaidi, na thamostati ni ya lazima mara mbili, kwa kuwa silinda hedi ya injini hii ni maarufu kwa kupasuka ikichemka.

Sumaku za bomba la mafuta, feni za kwenye hewa na vidonge vya tangini viache dukani. Wakala wa Mazingira wa Marekani umechunguza zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo bila kupata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

Hatua ya mwisho: pima tena

Baada ya kila tengenezo, si baada ya yote, rudia kipimo cha tangi na uandike tarehe, kilomita na kilichobadilishwa. Namba ikikataa kushuka baada ya haya yote, swali linahamia ndani ya injini. Kama mkanda wa taimingi wa 5VZ-FE umebadilishwa karibuni, hakikisha alama zake zote zimelingana, kwa kuwa jino moja tu likiruka gari hupoteza nguvu na kuongeza ulaji bila kuwasha taa yoyote. Kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) injini ikiwa na joto, plagi zote zikiwa nje na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho: katika 5VZ-FE kiwango ni psi 174, cha chini kabisa ni 145, na tofauti kati ya silinda isizidi 15. Silinda iliyo chini ya hapo itilie kijiko cha oili na uipime upya. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Hapo linganisha gharama ya kufungua injini na lita unazopoteza kwa mwezi, ukitumia namba ulizoandika mwenyewe.